Upande wa Waitikiaji: Kipaza Sauti cha Sterio katika Historia ya Ukusanyaji wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Kila aliyelelewa kwa ngano anajua kwamba ngano haianzi kwa sauti moja. Mtambaji husema "Paukwa!" na hadhira humjibu "Pakawa!" Kitendawili nacho hakitegwi mpaka asikike mwenye kusema "Tega!" Pasipo jibu hilo fanani hana ruhusa ya kuendelea, yu kama mtu aliyepiga hodi asikaribishwe. Hata hivyo, mtu akifungua mikusanyo mingi ya ngano iliyopigwa chapa ataona kwamba mwitikio umeandikwa mara moja tu juu ya ukurasa wa kwanza, kisha hadhira ikatoweka. Kutoka hapo hadi mwisho husikika sauti ya mtu mmoja, kana kwamba alikuwa akijisimulia peke yake chumbani.

Ni desturi kuilaumu kalamu kwa upungufu huo. Kalamu moja haiwezi kuwafuata watu wawili wanaosema kwa wakati mmoja, na mwandishi aliyeandikiwa ngano kwa imla hakuwa na hadhira mbele yake. Lawama hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Hata baada ya mashine za kunasa sauti kufika, hadhira iliendelea kupotea. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sababu mojawapo ilikuwa ndani ya chombo chenyewe na katika namna ya kukiweka; kwamba kuja kwa kipaza sauti cha sterio kinachochukulika kulifungua njia ya kuirejesha hadhira; na kwamba njia hiyo haifai kitu ikiwa mtafiti hajui aketi wapi na kwa nini. Kwa neno "kipaza sauti" kinakusudiwa hapa chombo kinachoipokea sauti na kuipeleka kwenye mashine, wala si kile kinachoitoa kwa wasikilizaji.

Pembe na Nta

Thomas Edison alitengeneza fonografu yake mwaka 1877. Miaka 13 baadaye, mwaka 1890, Jesse Walter Fewkes aliichukua mashine ya namna hiyo hadi kwa Wapassamaquoddy wa jimbo la Maine, Marekani, akanasa nyimbo na masimulizi yao kwenye mitungi ya nta. Huo huhesabiwa kuwa mwanzo wa kunasa sauti katika utafiti wa nyanjani. Hifadhi ya sauti ya Vienna ilianzishwa mwaka 1899, na ile ya Berlin mwaka 1900. Katika Afrika ya Mashariki, Karl Weule alisafiri kusini mwa koloni la Wajerumani, sehemu ambayo leo ni Tanzania, mwaka 1906, akiwa na fonografu pamoja na kamera ya sinema.

Yafaa kuielewa mashine hiyo ilivyofanya kazi, maana tabia yake iliwaathiri wakusanyaji hata baada ya yenyewe kuachwa. Fonografu haikutumia umeme. Nguvu ya sauti yenyewe, ikikusanywa na pembe, ndiyo iliyoisukuma sindano ikachimba mfereji katika nta. Kwa hiyo mwimbaji alilazimika kuweka kinywa chake karibu kabisa na mdomo wa pembe. Aliyekaa hatua chache nyuma hakuacha alama ya maana. Zaidi ya hayo, mtungi mmoja ulichukua dakika mbili hadi nne tu, na nta hulainika katika joto.

Matokeo yalikuwa mawili. La kwanza ni kwamba matini ilifupishwa ili iingie katika mtungi. La pili, ambalo halikutajwa sana, ni kwamba matini ilifanywa kuwa ya mtu mmoja. Mkusanyaji alimchagua mwimbaji mkuu, akamsogeza mbele ya pembe, akawaacha waitikiaji nyuma. Uteuzi huo haukutokana na nadharia yoyote ya fasihi. Ulitokana na pembe. Lakini mitungi ilipofika Ulaya ikasikilizwa na wataalamu ambao hawakuwapo penye tukio, kile kilichosikika ndicho kilichochukuliwa kuwa utendaji wenyewe.

Kunasa kwa umeme kulipoenea tangu mwaka 1925, kipaza sauti kikachukua mahali pa pembe, na watu wakaweza kuketi mbali kidogo. Urefu wa matini nao ukatafutiwa dawa. Milman Parry, alipokusanya tendi za Yugoslavia kati ya mwaka 1933 na 1935, alitumia mashine yenye meza mbili za sahani, moja ikijaa nyingine inaanza, hata mwimbaji asikatizwe. Kwa njia hiyo ilithibitika kwamba utendi mrefu huweza kutungwa papo hapo. Hata hivyo, mashine ya Parry ilikuwa na mkondo mmoja wa sauti. Ilitatua tatizo la muda. Tatizo la upande lilibaki.

Sikio la Pili

Binadamu hutambua upande inakotoka sauti kwa sababu ana masikio mawili. Sauti itokayo kulia hulifikia sikio la kulia kwanza, na hulifikia ikiwa na nguvu zaidi, kwa kuwa kichwa chenyewe hulikinga sikio la kushoto. Tofauti ya muda ni ndogo mno, haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huitambua. Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, aliyaeleza mambo haya mawili, muda na nguvu, mwaka 1907. Ni uwezo huu unaomwezesha mtu aliyeketi penye ngoma kumsikiliza mmoja kati ya wengi. Akipewa sauti zile zile zikiwa zimeunganishwa katika mkondo mmoja, uwezo huo hupungua sana, na wengi humwonekea kama zogo.

Wazo la kuipeleka sauti kwa njia mbili lilitangulia chombo cha kuinasa. Katika Maonyesho ya Umeme ya Paris, mwaka 1881, Clément Ader aliweka vipaza sauti vya simu mbele ya jukwaa la opera, na wasikilizaji waliokuwa mbali wakaweka kisikilizio kimoja katika kila sikio. Lakini aliyeijengea sterio msingi wake wa kudumu ni Mwingereza Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI. Inasimuliwa kwamba alikuwa katika sinema akakereka kuona mhusika yuko upande mmoja wa pazia na sauti yake inatoka upande mwingine. Mnamo Desemba 1931 aliomba hataza, nayo ikatolewa mwaka 1933 kwa nambari 394,325. Humo alieleza, pamoja na mambo mengine mengi, jinsi vipaza sauti viwili vinavyowekwa mahali pamoja vikielekea pande tofauti vinavyoweza kuhifadhi upande wa kila sauti.

Kwa wanaisimu, jambo la kukumbukwa ni kwamba majaribio ya Blumlein hayakuwa ya muziki pekee. Ni kweli kwamba mwaka 1934 alinasa okestra ya London ikipiga simfonia ya Mozart. Lakini katika filamu fupi za majaribio za mwaka 1935, watu walitembea jukwaani huku wakizungumza, ili ionekane kama sauti itawafuata. Sterio, basi, tangu utoto wake ilijaribiwa kwa mazungumzo ya kawaida: nani anasema, na yuko wapi. Blumlein alikufa mwaka 1942 katika ajali ya ndege iliyokuwa ikijaribiwa mitambo ya rada, kabla ya kazi yake kuwafikia watu wengi. Sahani za santuri za sterio zilienea madukani kuanzia mwaka 1958 tu.

Mashine Zashuka Nyanjani

Wakati huo kazi ya kukusanya sauti za Afrika ilikuwa imekwisha kupanuka. Hugh Tracey, aliyeanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika mwaka 1954, alipita Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1950 na magari yaliyobeba mitambo na jenereta. Mwaka huo huo alinasa nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet. Tracey alilitambua tatizo la kipaza sauti kimoja. Alikuwa na desturi ya kukishika kipaza sauti mkononi na kukisogeza katikati ya wapigaji na waimbaji, akikikaribisha kwa huyu kisha kwa yule. Kwa ufundi huo alipata rekodi zenye uwazi mkubwa. Lakini msomaji ataona kwamba hapo mkono wa mkusanyaji ndio uliokuwa mhariri. Anayesikiliza leo husikia pale Tracey alipoelekeza mkono wake, kwa mpango aliouamua yeye papo hapo, na kwa muda wa dakika chache zilizotosha upande mmoja wa sahani.

Mabadiliko makubwa yalitokana na mashine kuwa nyepesi. Stefan Kudelski, mzaliwa wa Warsaw aliyeishi Uswisi, alitoa mashine yake ya kwanza ya utepe mwaka 1951 akaiita Nagra, neno la Kipolandi lenye maana ya "itanasa". Kampuni ya Uher ya Ujerumani ilileta mashine ya Report mwaka 1961, iliyoweza kubebwa begani. Mashine za sterio za namna hiyo zikafuata, na Nagra IV-S ikatoka mwaka 1971. Vipaza sauti navyo vilibadilika. Mwaka 1962, James West na Gerhard Sessler, wakiwa katika maabara ya Bell huko Marekani, walibuni kipaza sauti cha elektreti, ambacho hubeba chaji yake ya umeme daima ndani ya utando mwembamba. Kwa kuwa hakihitaji volti nyingi kutoka nje, betri ndogo hukitosha. Kutokana na ubunifu huo iliwezekana kuweka vipokezi viwili katika mwili mmoja mdogo, na mtafiti akapata kipaza sauti cha sterio anachoweza kukitia mkobani.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa gharama. Utepe wa mita 270, uliojaza gurudumu la sentimeta 13, ukienda kwa kasi ya sentimeta 19 kwa sekunde, huisha kwa dakika 24 hivi. Katika mashine ya mkondo mmoja iliyotumia nusu ya upana wa utepe, mtafiti aliweza kuugeuza utepe na kupata dakika nyingine 24. Katika mashine ya sterio ya aina hiyo, mikondo miwili ilijaza upana wote, na hapakuwa na upande wa kugeuza. Kumsikia mwitikiaji kuligharimu nusu ya utepe.

Haikosi kwamba jambo hilo lilikuwa na uzito katika vyuo vya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao maarufu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakidai kwamba fasihi ya Afrika, na hasa fasihi simulizi, iwe kitovu cha masomo. Chombo kilichopatikana kwa wepesi wakati fasihi simulizi ilipoingia darasani hakikuwa Nagra ya sterio bali kinasa sauti cha kaseti, kilichoanzishwa na Philips mwaka 1963. Kaseti iliwafikisha watafiti wengi vijijini, na sifa hiyo haina ubishi. Lakini mashine nyingi za bei nafuu zilikuwa na kipaza sauti kimoja kilichojengewa ndani, pamoja na kidhibiti kilichopandisha na kushusha nguvu ya sauti chenyewe. Hadhira ikiitikia kwa kishindo, kidhibiti hushusha. Fanani anapoendelea, maneno yake ya kwanza hufifia mpaka mashine ipandishe tena. Hivyo mwitikio, ambao penye utendaji humpa fanani nguvu, katika kaseti ulisikika kama kitu kinachomharibia.

Kukiweka Kipaza Sauti

Kuwa na chombo cha sterio hakutoshi. Vipokezi vingi vya kipaza sauti husikia zaidi mbele kuliko nyuma, na eneo la usikivu wake likichorwa hufanana na moyo. Katika mpango wa kwanza, vipokezi viwili vya namna hiyo huwekwa pamoja, kimoja juu ya kingine, vikielekea pande mbili kwa pembe ya digrii 90. Tofauti inayopatikana ni ya nguvu tu. Faida yake ni kwamba mikondo ikiunganishwa baadaye kuwa mmoja, hakuna kinachoharibika. Katika mpango wa pili, uliobuniwa katika redio ya taifa ya Ufaransa, vipokezi hutenganishwa kwa sentimeta 17 na kuelekezwa kwa pembe ya digrii 110. Hapo kuna tofauti ya nguvu na ya muda pia, kama katika masikio, na msikilizaji huhisi upana zaidi. Mpango wa tatu, ambao msingi wake umo katika hataza ya Blumlein, hutumia kipokezi kimoja kinachotazama mbele na kingine kinachosikia kushoto na kulia. Mikondo hiyo ikijumlishwa hutoa upande wa kushoto, na ikitolewa mmoja katika mwingine hutoa upande wa kulia. Mtafiti aweza kuamua upana wa picha ya sauti hata baada ya kurudi nyumbani.

Ama kuhusu mahali pa kukiweka, hapo ndipo makosa mengi hutokea. Mazoea ni kukielekeza kipaza sauti kwa fanani, hadhira ikiwa nyuma ya chombo. Kwa mpango wa kwanza na wa pili, matokeo huwa kwamba fanani yuko katikati ya picha, na hadhira imo katika eneo ambalo chombo ni kiziwi. Rekodi hiyo ina jina la sterio bila maana yake. Ni pembe ya Edison iliyopewa mdomo wa pili.

Afadhali kipaza sauti kiwekwe ubavuni mwa mstari unaotoka kwa fanani hadi kwa hadhira, kikitazama kati yao, hata fanani aangukie upande mmoja na waitikiaji upande wa pili. Kiwe karibu zaidi na fanani kuliko na hadhira, kwa kuwa yeye ni mmoja na wao ni wengi. Mita moja na nusu kutoka kwake ni mwanzo mwema wa kujaribia. Kisimame juu ya mguu wake chenyewe, wala si juu ya meza au mkeka, maana kila goti linalosogea mkekani litasikika kama radi. Ikiwa watu wameketi chini, mguu ushushwe mpaka chombo kiwe juu kidogo ya vinywa vyao. Waya ulegezwe na ufungwe mara moja kwenye mguu, usiwe ukipeleka mtikisiko.

Hatua zinazofuata ni za uangalifu tu, lakini bila hizo kazi hupotea. Kidhibiti cha nguvu kinachojiendesha kizimwe. Kiwango cha sauti kipimwe kwa mwitikio, si kwa fanani: hadhira iombwe kuitikia kwa nguvu zake zote, kisha katika mashine za kidijiti iachwe nafasi ya desibeli 12 hivi chini ya kikomo. Mtafiti avae hedifoni, na ahakikishe kwamba kisikilizio cha kushoto kiko sikio la kushoto. Kabla ya utendaji msaidizi asimame upande wa fanani, apige kofi na kutaja upande huo, kisha afanye vivyo hivyo upande wa hadhira, na makofi hayo yanaswe. Waya zikiwa zimepishana, kosa litagunduliwa hapo hapo. Na atakayesikiliza miaka 30 baadaye hatalazimika kubahatisha. Tarehe, mahali, na mpangilio wa kuketi vitajwe kwa sauti katika rekodi yenyewe, maana karatasi na utepe huachana mapema.

Pwani ina mambo yake. Upepo wa kaskazi na wa kusi ukikipiga kipaza sauti kitupu hutoa mngurumo unaofunika maneno, na makuti ya minazi huongeza mchakacho ambao sikio la mwenyeji halikuwa likiusikia tena. Kifuniko cha sponji hufaa kwa upepo mwepesi. Kwa ule wa baraza inayotazama bahari hutakiwa kifuniko cha manyoya juu yake. Unyevu wa chumvi ni adui wa vipokezi vyenye utando mwembamba, kwa hiyo chombo kilazwe katika kisanduku kinachofunga barabara pamoja na vifuko vya kukausha.

Ushahidi kutoka Afrika ya Kati

Thamani ya kutenganisha sauti ilionekana dhahiri katika kazi ya Simha Arom katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Nyimbo za Waaka wa misituni zina sauti nyingi zinazofumana, kila moja ikiwa na njia yake, na wataalamu waliotegemea rekodi za mkondo mmoja hawakuweza kuzifumua. Arom alinasa kwanza kundi zima likiimba pamoja. Kisha alimchezea mwimbaji mmoja rekodi hiyo katika hedifoni, naye akaimba sehemu yake akiwa peke yake, huku rekodi ya kundi ikiingia katika mkondo mmoja wa mashine ya sterio na sauti ya mwimbaji katika mkondo wa pili. Akaendelea hivyo kwa mwimbaji mmoja baada ya mwingine. Mbinu hiyo aliieleza katika makala ya mwaka 1976, na kitabu chake kikubwa kuhusu muziki huo kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1985.

Katika njia ya Arom lipo jambo linalopita ufundi. Kwa kumrudishia kila mwimbaji sauti ya wenzake na kumwomba aitoe yake, aliwafanya waimbaji wenyewe kuwa wachambuzi. Mpaka kati ya sauti na sauti haukuwekwa na mtaalamu aliyeketi Paris; uliwekwa na mwenye sauti.

Kutoka Masikioni hadi Karatasini

Watafiti wa lugha wana haja hiyo hiyo. Mwaka 1974, Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walichapisha uchunguzi wao kuhusu namna wazungumzaji wanavyopokezana zamu. Uchunguzi wa aina hiyo huhitaji kujua kwa hakika nani aliingilia, wapi, na kwa muda gani. Katika mkondo mmoja, sauti mbili za jinsia na umri mmoja zikigongana, mnakili hukisia.

Mathalani, fanani anasimulia jinsi fisi alivyoingia shimoni, na hapo panasikika "Enhe!" Katika rekodi ya mkondo mmoja neno hilo huweza kudhaniwa ni la fanani mwenyewe anayevuta pumzi. Mnakili huliandika katika maneno yake, na mchambuzi anayefuata hulihesabu kuwa sifa ya mtindo wake. Katika rekodi ya sterio iliyowekwa sawasawa, "Enhe" hiyo inatoka upande wa pili. Ni ya bibi aliyeketi mkekani, anayeijua ngano hiyo kuliko fanani, na anayemruhusu aendelee. Akinyamaza mahali pengine, kunyamaza kwake ni hukumu; na si ajabu kwamba hapo fanani anarudi nyuma na kusahihisha. Matini iliyomwingiza bibi huyo katika kinywa cha fanani imekosea juu ya watu wawili kwa mara moja. Kwa sababu hiyo yafaa unakili ufanywe kwa safu mbili, kushoto fanani na kulia hadhira, na mahali sauti zinapogongana patiwe alama.

Hapana budi kukiri mipaka. Kwa uchunguzi wa fonetiki, ambapo kinachotakiwa ni sauti safi ya mtu mmoja, kipaza sauti kimoja kilichowekwa karibu na kinywa bado ndicho kifaacho. Pia sterio iliyonaswa kwa vipokezi vilivyotengana, ikiunganishwa ovyo kuwa mkondo mmoja, hupoteza baadhi ya sauti. Na lipo suala la idhini. Chombo kinachosikia pande zote humsikia hata yule anayemnong'oneza jirani yake akidhani yuko mbali. Fanani aliombwa ruhusa. Je, waitikiaji waliombwa? Ikiwa sterio inawatambua kuwa washiriki, basi yampasa mtafiti kuwaomba kama washiriki.

Hitimisho

Tangu miaka ya katikati ya 2000, mashine ndogo za kidijiti zenye vipaza sauti viwili vilivyopachikwa juu yake zimekuwa za kawaida, nazo hunasa sampuli 48,000 kwa sekunde, kila moja kwa biti 24, kwa saa nyingi bila gharama ya utepe. Kikwazo cha fedha kilichomnyima mtafiti wa miaka ya 1970 nusu ya utepe kimeondoka. Kilichobaki ni mazoea. Mashine hizo huwekwa mezani mbele ya fanani, uso kwa uso, jinsi pembe ilivyowekwa mwaka 1890.

Wakati huo huo, tepe na kaseti zilizokusanywa tangu miaka ya 1960 zinachakaa katika makabati ya idara na majumbani mwa watafiti. Zinaponakiliwa, zile za sterio zinakiliwe kwa mikondo yake miwili, na kila mkondo uandikwe ni wa nani. Kuziunganisha kuwa mmoja ili kuokoa nafasi ni kuitoa hadhira nje kwa mara ya pili, na safari hii hakuna pembe ya kusingizia.

Historia iliyoelezwa hapa yaonyesha kwamba matini ya fasihi simulizi huanza kuhaririwa kabla ya neno la kwanza kusemwa, pale mtafiti anapochagua mahali pa kusimamisha mguu wa kipaza sauti. Uchaguzi huo ni wa kitaaluma, na yafaa uelezwe katika kila mkusanyo, kama vile mhariri wa miswada anavyoeleza ni nakala ipi aliyoifuata. Maana ngano yenyewe ilikwisha kuweka sharti lake zamani: bila "Pakawa" hakuna kuendelea.